Kuznetsov: jina la ukoo lisilo na ukoo

Tafuta habari za Nikolai Kuznetsov na utaletewa watu watatu kwa mpigo. Kuna admirali aliyeongoza jeshi la majini la Muungano wa Kisovieti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambaye jina lake limeandikwa kwenye manowari pekee ya Urusi ya kubeba ndege. Kuna mpelelezi aliyevaa sare ya jeshi la Hitler na kuwaua wakubwa wa Kijerumani katika miji waliyokuwa wakiitawala. Na kuna mhandisi aliyebuni injini za ndege kubwa za kivita na za roketi iliyokusudiwa kuwafikisha Wasovieti mwezini. Wote ni wa dola moja na zama moja. Hao wawili wa mwisho walizaliwa mwaka ule ule wa 1911, wakipishana wiki tano hivi.

Je, ni ndugu? Swali hilo lina haki yake, maana lugha yetu yenyewe inatusukuma kuliuliza. Jina la mwisho la mtu tunaliita jina la ukoo, na ukoo kwetu una babu, una mwiko, una makaburi mahali fulani. Ukikutana na akina Mshana wawili kutoka Upare, una sababu ya kuwauliza kama asili yao ni moja, kwa sababu Washana ni ukoo, na ndio waliojulikana kwa kufua chuma miongoni mwa Wapare. Kuznetsov nalo ni jina la wahunzi. Mfanano unaishia hapo. Hakuna ukoo wa Kuznetsov, haujawahi kuwapo, na admirali, mpelelezi na mhandisi yule hawakuwa na undugu hata wa mbali. Kulielewa jina hili kunataka kwanza tuliweke kando neno “ukoo”, kisha tuangalie jinsi Warusi wanavyoyaunda majina yao.

Wa nani huyu?

Kwa Kirusi, kuznets ni mhunzi. Kile kiambishi cha -ov kinachobandikwa nyuma yake kinafanya kazi ileile inayofanywa na “wa” katika “mtoto wa mhunzi”. Kuznetsov, basi, ni “wa mhunzi”. Ni jibu la swali ambalo kila kijiji huuliza mtoto mgeni anapokatiza njiani: wa nani huyu? Ivanov ni wa Ivan, Petrov ni wa Petro, Kuznetsov ni wa yule mzee mwenye mvukuto na fuawe.

Wanaojua ngeli zetu hawatapata shida na hatua inayofuata. Kama vile “wa” hugeuka “ya”, “cha” au “la” kulingana na kitu kinachomilikiwa, ndivyo kiambishi cha Kirusi kinavyogeuka kulingana na jinsia na idadi. Mwanamume ni Kuznetsov, mwanamke ni Kuznetsova, nyumba nzima ni Kuznetsovy, na kijiji kinaweza kuitwa Kuznetsovo. Kwa hiyo mtu na dada yake hutofautiana herufi moja kwenye hati zao, na bado jina ni lilelile. Mkazo huwekwa kwenye silabi ya mwisho, na ile v ya mwisho hutamkwa kama f. Ukiliona limeandikwa Kouznetsov, ujue limepitia Ufaransa. Ukiona Kusnezow, limepitia Ujerumani. Na Walatvia huliandika Kuzņecovs. Usidhani ni majina manne.

Kinachomtambulisha Mrusi hasa ni jina la katikati. Kila mtu ana jina lake mwenyewe, halafu jina la baba lililotiwa kiambishi, halafu ndipo hilo la mwisho. Mwana wa Gerasim ni Gerasimovich, mwana wa Ivan ni Ivanovich, mwana wa Dmitri ni Dmitrievich. Binti wa Aleksandr ni Aleksandrovna. Hii ni bin na binti, hakuna zaidi. Hati za zamani za Urusi ziliandika waziwazi hivyo, “Ivan Petrov syn”, yaani Ivan mwana wa Petro, na kuna wakati umbo lenye -vich lilikuwa heshima ya wakubwa peke yao, mtu wa kawaida akiwa haruhusiwi kulitumia katika hati. Siku hizi ni la kila mtu, ila heshima haikutoka. Mwanafunzi humwita mwalimu wake Nikolai Ivanovich bila kutaja jina la mwisho, na kumwita Nikolai kavukavu kungekuwa utovu wa adabu.

Magazeti ya nje, kwa kutaka ufupi, hukata jina hilo la katikati. Fujo yote ya akina Nikolai Kuznetsov inaanzia hapo. Rudisha jina la baba na watu watatu wanatengana mara moja: Nikolai Gerasimovich ni admirali, Nikolai Ivanovich ni mpelelezi, Nikolai Dmitrievich ni mhandisi.

Mhunzi mmoja kila kijiji

Orodha za majina yanayopatikana sana Urusi hutofautiana kidogo kulingana na nani alihesabu na wapi, lakini Kuznetsov hukaa juu pamoja na Ivanov na Smirnov. Kwa nini mhunzi na si mkulima? Kwa sababu wakulima walikuwa wote. Jina la kazi lina faida pale tu linapomtenga mtu na wenzake, na katika kijiji cha Kirusi mhunzi alikuwa mmoja. Yeye ndiye aliyetengeneza jembe, mundu, bawaba za milango na viatu vya farasi. Kibanda chake kiliwekwa pembeni, mbali na nyumba za magogo, kwa hofu ya moto. Ukisema “wale watoto wa mhunzi”, kijiji kizima kilijua unawasema akina nani. Kijiji cha jirani nacho kilikuwa na mhunzi wake, na cha tatu vilevile. Zidisha hesabu hiyo kwa ukubwa wa Urusi.

Halafu kuna jambo la wakati. Mabwana wakubwa walikuwa na majina ya kurithishana karne nyingi kabla ya wakulima. Mkulima aliyemilikiwa na bwana aliishi kwa jina lake, la baba yake, na lakabu ya mtaani, ambayo ingeweza kubadilika kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Utumwa huo wa wakulima ulipofutwa mwaka 1861, mamilioni ya watu walihitaji kuandikwa kwenye vitabu vya serikali kama watu kamili, na makarani wakaandika kile kilichokuwa midomoni mwa majirani. Lakabu ikagandishwa kwa wino. Aliyekuwa wa mhunzi siku ile karani alipopita akabaki Kuznetsov, na wajukuu wake wakawa Kuznetsov hata kama hawakuwahi kushika nyundo. Ndiyo maana nasema jina hili halina ukoo: lilizaliwa maelfu ya mara, katika maelfu ya vijiji, bila kijiji kimoja kujua habari za kingine.

Halikuzaliwa kila mahali, lakini. Magharibi na kusini, kuelekea Ukraine na Belarus, mhunzi huitwa koval, na huko ndiko waliko akina Kovalyov, Kovalenko, Kovalchuk, hadi kuwafikia Wapolandi na Kowalski wao. Mtu akijitambulisha kama Kovalyov amekuambia kitu kuhusu upande aliotoka babu yake. Ukivuka mipaka zaidi, mhunzi yuko kila mlango: Smith kwa Waingereza, Schmidt kwa Wajerumani, Ferrari kwa Wataliano, Lefebvre kwa Wafaransa, Kovács kwa Wahungaria. Kwa Waarabu ni Haddad, kutoka hadid, chuma. Wanaosoma Ratibu ya Haddad katika misikiti ya Lamu na Mombasa wanalitaja jina la mhunzi kila wanapoitaja ratibu hiyo ya Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim.

Niongeze moja kabla ya kurudi kwa akina Nikolai. Ramani ya Urusi imejaa wahunzi pia. Katikati ya Moscow kuna mtaa wa Kuznetsky Most, daraja la wahunzi, uliokua karibu na karakana ya mizinga ya wafalme. Siberia kuna Novokuznetsk, iliyoanza kama ngome ya Kuznetsk mwaka 1618 katika nchi ya Washori, watu ambao Warusi waliwaita Watatari wahunzi kwa sababu waliwakuta wanafua chuma. Bonde la makaa ya mawe la Kuzbass limechukua jina hapohapo. Na wanamapinduzi walipotafuta majina ya bandia, walikimbilia karakana ileile: Dzhugashvili akajiita Stalin, kutoka stal, chuma cha pua; Skryabin akajiita Molotov, kutoka molot, nyundo. Kuznetsov hakuhitaji kujibatiza.

Nikolai Gerasimovich

Alizaliwa mwaka 1904 kijijini Medvedki, kaskazini mwa Urusi. Mwaka 1919, akiwa na miaka 15, alijiongezea miwili ili apokelewe jeshini, na ndiyo maana vitabu vingi kwa muda mrefu viliandika kwamba alizaliwa 1902. Alipanda haraka. Alikwenda Uhispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kama mshauri wa mambo ya bahari wa serikali ya jamhuri, na mwezi Aprili 1939, kabla hajafikisha miaka 35, Stalin alimpa wizara nzima ya majini. Ujana huo haukuwa wa bahati tu. Waliomtangulia walikuwa wamefagiliwa na mauaji ya Stalin ya miaka ile, na viti vilikuwa wazi.

Usiku unaomfanya admirali huyu akumbukwe ni ule wa tarehe 21 kuamkia 22 Juni 1941. Stalin hakutaka kuamini kwamba Hitler angeshambulia, na kuchukua hatua za wazi za kujihami kungeweza kuhesabiwa uchokozi. Kuznetsov alikuwa ameshaziandalia meli zake ngazi za utayari, na usiku ule akaamuru zote ziingie ngazi ya kwanza. Ndege za Kijerumani zilipofika Sevastopol alfajiri, zilipokewa na mizinga iliyokwisha kupangwa. Wakati ndege za jeshi la anga la Kisovieti zikiteketea chini kwa mamia, meli zake zilikuwa macho.

Shukrani aliyopata ni hii. Mwaka 1948 alifikishwa mbele ya kile kilichoitwa mahakama ya heshima, kwa shutuma kwamba wakati wa vita aliwapa Waingereza na Wamarekani, waliokuwa washirika wakati huo, siri za silaha. Akashushwa cheo. Mwaka 1951 akarudishwa wizarani. Mwaka 1955 akapewa cheo cha juu kabisa, Admirali wa Jeshi la Majini la Muungano wa Kisovieti. Oktoba mwaka huohuo meli ya vita Novorossiysk ililipuka na kupinduka bandarini Sevastopol, wakafa zaidi ya watu 600. Yeye alikuwa mgonjwa, nje ya kazi, lakini lawama zilimwangukia. Mapema 1956 akashushwa hadi makamu admirali na kustaafishwa kwa lazima akiwa na miaka 51. Alikufa mwaka 1974 na cheo hicho cha aibu. Cheo chake kamili kilirudishwa mwaka 1988, miaka 14 baada ya kuzikwa. Siwezi kuisoma habari hii bila kuumia kwa niaba yake, maana kosa alilotundikwa nalo mara ya mwisho hakuwepo kulifanya.

Kisha ikaja meli. Ilijengwa Nikolayev, Ukraine, ikaanza ikiitwa Riga, ikageuzwa Leonid Brezhnev, ikageuzwa tena Tbilisi, na mwaka 1990 ikapewa jina la admirali. Tazama majina hayo yaliyoachwa: Riga na Tbilisi leo ni miji mikuu ya nchi nyingine, na Brezhnev alishapoteza heshima yake. Mtu ambaye serikali ilimvua vyeo mara mbili ndiye aliyebaki juu ya chuma. Meli yenyewe haikuwa na raha. Ilipoingia matengenezoni Murmansk, gati lililokuwa limeibeba lilizama mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikashika moto.

Nikolai Ivanovich

Huyu hata “Nikolai” hakuzaliwa nalo. Alibatizwa Nikanor, katika kijiji cha Zyryanka kwenye milima ya Ural, na akajibadilisha kuwa Nikolai mwaka 1931. Alikuwa na kipaji cha lugha ambacho ni vigumu kukieleza. Alipofanya kazi ya misitu miongoni mwa Wakomi-Permyak alijifunza lugha yao. Kijerumani alikifahamu hadi lafudhi za mikoa, akakinoa kwa kuzungumza na mafundi wa Kijerumani katika kiwanda cha mashine huko Sverdlovsk.

Idara ya usalama ilimleta Moscow kabla ya vita, imtumie kuwachunguza wageni. Ilimpa sura ya mhandisi wa ndege mwenye asili ya Kijerumani, na jina la bandia aliloishi nalo mjini ni Rudolf Schmidt. Soma tena. Schmidt ni mhunzi. Mtu aliyefunzwa kulificha jina lake alitembea Moscow akiwa na jina lilelile, limevikwa tu koti la Kijerumani. Kama aliyelichagua alifanya kusudi au la, mimi kila nikilifikia jambo hili huwa nasimama kidogo.

Vita vilipoanza, Schmidt aliwekwa kabatini na Luteni Paul Siebert akazaliwa. Kuanzia 1942 alitumwa kwa wapiganaji wa msituni wa Dmitri Medvedev karibu na Rovno, mji ambao Wajerumani waliufanya makao ya utawala wao wa Ukraine. Akiwa na sare na nishani za Kijerumani aliingia mjini, akala nao, akawasikiliza. Novemba 1943 kundi lake lilimteka Jenerali Ilgen kutoka nyumbani kwake, na mwezi huohuo akampiga risasi Alfred Funk, jaji mkuu wa utawala ule. Februari 1944 akamuua mjini Lvov Otto Bauer, naibu gavana wa Galicia. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Machi, akijaribu kurudi upande wa Wasovieti, alikufa katika kijiji cha Boratyn mikononi mwa waasi wa Kiukraine, waliokuwa wakiwapinga Wasovieti. Alikuwa na miaka 32.

Mwaka 1973 mji mpya ulijengwa mkoani Rovno kwa ajili ya wafanyakazi wa kituo cha nyuklia, ukaitwa Kuznetsovsk kumuenzi. Mwaka 2016 Ukraine ilipofuta majina ya zama za Kisovieti, mji ukarudishiwa jina la kijiji kilichokuwepo pale awali, Varash. Kwa Warusi wengi huyu ni shujaa asiye na doa. Kwa Waukraine wengi ni wakala wa idara iliyowatesa. Kifo chake mikononi mwa Waukraine ndicho kinachoufanya mvutano huo usipoe.

Nikolai Dmitrievich

Mhandisi alizaliwa Aktyubinsk, Kazakhstan ya leo, na maisha yake ya kazi aliyatumia zaidi Kuibyshev, mji ambao sasa umerudia jina lake la kale la Samara. Injini yake ya NK-12 (herufi hizo ni za jina lake, Nikolai Kuznetsov) ina pangaboi mbili zinazozunguka kwa kupingana, na ilianza na nguvu farasi 12,000, ikafika 15,000. Nne kati yake huiinua Tu-95, ndege iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1952 na ambayo bado iko jeshini.

Lakini kisa chake kikubwa ni cha mwezini. Roketi ya N-1 ilihitaji injini 30 katika hatua yake ya kwanza, na kazi hiyo ilimfikia yeye, mtu wa injini za ndege, kwa sababu watengenezaji wakubwa wa roketi walikuwa hawaelewani. N-1 ilirushwa mara nne kati ya 1969 na 1972, ikashindwa mara zote nne. Wakati mradi unauawa, Kuznetsov alikuwa amemaliza injini bora zaidi, NK-33, iliyokuwa haijapata hata nafasi ya kuruka. Ikaja amri ya kuziharibu zote. Hakuziharibu. Alizifungia kwenye ghala Kuibyshev, zikakaa humo takriban miaka 20.

Vita baridi vilipokwisha, Wamarekani walionyeshwa ghala hilo na wakashangaa. Injini hizo zilichoma mafuta yake kwa mzunguko uliofungwa, ambao gesi yenye oksijeni nyingi hupita kwenye vyuma vya moto bila kuvila, jambo ambalo wao walikuwa hawajaliweka katika injini zao. Walinunua kadhaa. Mwaka 2013 zilimwinua Antares, roketi ya Marekani, na mwaka huohuo nyingine ikarushwa ndani ya roketi ya Soyuz ya Urusi. Oktoba 2014 Antares moja ililipuka sekunde chache baada ya kuruka, na Wamarekani wakaachana nazo. Nikolai Dmitrievich hakuona hata mruko mmoja. Alikufa mwaka 1995. Ila jina la mhunzi lingekosa kumfaa nani kama halikumfaa huyu, aliyekataa kuvunja chuma alichokifua?

Wengine, wa mbali na wa karibu

Akina Vasily nao huchanganywa. Vasily Ivanovich aliliongoza jeshi ambalo askari wake waliitwaa Reichstag, jengo la bunge, mjini Berlin mwaka 1945. Vasily Vasilievich alisomea chuma kwa maana halisi, akaenda hadi Pittsburgh, Marekani, miaka ya 1930 kujifunza ufuaji wake. Uzeeni alikaimu ukuu wa nchi mara tatu, kila alipokufa kiongozi: Brezhnev, Andropov, Chernenko. Na kuna Vasily wa riadha, aliyepata shaba mbili za Olimpiki katika michezo kumi, 1956 na 1960.

Akina Kuznetsov wa kauri ndio pekee wanaokaribia kitu kinachofanana na ukoo. Walitoka Gzhel, nchi ya udongo mzuri kusini-mashariki mwa Moscow, na simulizi ya nyumbani ilisema babu wao alikuwa mhunzi kweli. Terenty alifungua kiwanda Dulyovo mwaka 1832, na Matvey Sidorovich akakusanya viwanda mkononi mwake hadi akanunua mwaka 1892 kile cha Gardner, mshindani wao wa zamani. Mabirika na bakuli zao zenye maua zilifika kwenye nyumba za chai za Asia ya Kati na Uajemi. Chini ya kila kimoja kulikuwa na muhuri, Kuznetsov, kwenye kitu ambacho ukikigonga kwa nyundo hakibaki.

Anatoly Vasilievich, mwandishi, alikuwa mtoto wa Kiev aliyeishi karibu na Babi Yar, bonde ambalo Wajerumani waliwaua Wayahudi 33,771 kwa siku mbili, Septemba 1941. Kitabu chake kuhusu bonde hilo kilichapishwa jaridani mwaka 1966 baada ya wakaguzi kukikatakata. Mwaka 1969 alikwenda London, akiwa ameshona ndani ya nguo filamu zenye maandishi kamili, na hakurudi. Kitabu kizima kilipotoka alikitia saini A. Anatoli. Jina la Kuznetsov alilitupa, kwa kuwa lilikuwa juu ya kurasa alizolazimishwa kuzikubali.

Eduard Samuilovich alifanya kinyume. Baba yake alikuwa Myahudi mwenye jina jingine. Kuznetsov alilichukua kwa mama. Mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa waliokamatwa Leningrad kwa kupanga kuteka ndege ndogo ili wakimbie nchi waliyokatazwa kuondoka, akahukumiwa kifo, hukumu ikapunguzwa, na mwaka 1979 akabadilishwa na wapelelezi wa Kisovieti. Yeyote anayedhani jina hili linamwonyesha kabila la mtu amfikirie Eduard. Au amfikirie Simon Kuznets, wa familia ya Kiyahudi ya Pinsk, ambaye jina lake halina hata -ov: ni mhunzi mwenyewe, si wa mhunzi. Kuznets huyo alihamia Marekani, akapata Nobel ya uchumi mwaka 1971, na ndiye aliyeweka msingi wa kuhesabu pato la taifa, na katika ripoti yake ya 1934 kwa Bunge la Marekani alionya kwamba ustawi wa watu hauwezi kusomwa kutoka kwenye hesabu hiyo. Sisi tunaotangaziwa ukuaji wa uchumi kila bajeti tungependa onyo hilo lingesikika zaidi.

Kwa mashabiki wa michezo, jina ni la Evgeny, mchezaji wa magongo ya barafuni kutoka Chelyabinsk aliyetwaa Kombe la Stanley akiwa na timu ya Washington mwaka 2018, na zaidi ni la Svetlana Aleksandrovna, bingwa wa tenisi wa US Open 2004 na French Open 2009, aliyemshinda Mrusi mwenzake katika fainali zote mbili. Wake si mlango wa uhunzi. Ni mlango wa baiskeli. Mama yake, Galina Tsareva, alikuwa bingwa wa dunia mara sita, baba yake alikuwa kocha, na kaka yake alipata medali ya fedha ya mbio za timu katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996.

Kaka huyo anaitwa Nikolai Kuznetsov. Jina la baba: Aleksandrovich.